Sinema za mapanga: bodi izuie au ibandike umri tu?

Nahodha wa Tudor: Bodi ya filamu ya Kenya iongezewe nguvu ya kuzuia kabisa sinema za damu, au iishie kusema hii ya 16, hii ya 18? Mimi nasema izuie. Hapa Mombasa, hawa watoto wa Kisauni kushika panga wamefunzwa na vibanda vya video.

Binti Mtopanga: Ulianza vizuri ukaharibu. Kisauni imekukosea nini? Tudor hamna vibanda?

Nahodha wa Tudor: Sikumtukana mtu, dada. Nilitoa mfano.

Binti Mtopanga: Mfano kila siku ni sisi wa Kisauni.

Fundi Dekoda: Yaacheni mitaa. Alama nyekundu ya 18 hukaa kwenye kasha. Kibanda siku hizi ni flashi moja, sinema arobaini, kasha hakuna. Utaibandika wapi? Na ikishatiwa maneno na DJ anayeitafsiri kwa sauti yake, yale matusi ya juu nani aliyakagua?

Mzee wa Kibokoni: Kwa TV si kuna saa? Za wakubwa ni baada ya saa 3.

Fundi Dekoda: Saa 4 usiku, mzee. Saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni za familia. Nyumbani, ingia mipangilio ya dekoda, weka kufuli ya umri, kisha ubadilishe namba ya siri, maana 0000 na 1234 mtoto anazijua kabla yako. Hapo bado: kufuli husoma alama ya umri inayotumwa na stesheni. Isipotumwa, kufuli ni kipofu. Na flashi ikichomekwa, dekoda nyingi haziulizi kitu.

Wakili wa Barazani: Nahodha, katiba ya 2010, kifungu cha 33, inakataa uchochezi wa ghasia, propaganda za vita na matamshi ya chuki. Watu kupigana kwenye sinema si uchochezi. Hiyo sheria ya filamu, Sura ya 222, unayotaka iongezewe meno ni ya 1962, mkoloni hajaondoka. Marekani, 2011, Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya video ya vurugu. Majaji 7 kwa 2.

Binti Mtopanga: California wana mawakili. Kisauni ina nani?

Mzee wa Kibokoni: Ina wewe, mwanangu, na umetosha.

Nahodha wa Tudor: Haya, Kisauni naifuta. Naandika "watoto".

Binti Mtopanga: Watoto wa wapi? Andika Tudor tuendelee.