"Watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba": mtatuhimiza mpaka lini?

Wakuu, leo salamu ni fupi. Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo, maana nikisubiri itulie nitaishia kusema "Mungu atajalia" kama tulivyozoeshwa.

Karibu kila tangazo la kazi la mashirika hapa Arua, Uganda, linamalizia na sentensi ileile: wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Mimi ni vyote viwili. Ni mwanamke, tena sioni. Presha ya macho ilinila kidogo kidogo nikiwa tayari mtu mzima mwenye kazi yake. Kuhimizwa nimehimizwa, nimeshiba. Sasa nataka mshahara.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi. Shirika moja (silitaji, msinichokoze) lilitafuta mtu wa kupokea simu kwenye laini ya bure, ile ambayo wakimbizi wa Rhino Camp na Imvepi wanapiga wakiwa na malalamiko: mgao haukufika, bomba limekauka, jina limefutwa kwenye orodha. Unasikiliza, unaandika kwenye kompyuta, unalipeleka kwa mhusika. Lugha zinazotakiwa: Kiingereza, Kiswahili, Kilugbara, na ukijua Kiarabu cha Juba ni heri zaidi. Kilugbara ni cha mama yangu. Majirani zetu wa utotoni walikuwa Wanubi, ambao Kinubi chao kinakaribiana na Kiarabu hicho, kwa hiyo Msudani Kusini akinipigia tunaelewana bila mkalimani. Kiswahili ndicho hiki mnachokisoma. Na kupokea simu ni moja ya kazi ambazo wasioona wamefundishwa na kuajiriwa nchi nyingi tangu enzi za swichibodi. Nikasema hii sasa ni yangu.

Nikasikiliza tangazo mpaka chini. Sifa ya mwisho: mwombaji awe na leseni halali ya kuendesha pikipiki. Kwa kazi ya simu! Pikipiki ya kutoka kwenye kiti kwenda wapi? Wanaojua mashirika ya huku watanielewa, sharti hilo linanakiliwa kutoka tangazo hadi tangazo bila mtu kujiuliza. Mwenye macho hulipita tu. Sisi linatuchuja kabla hata jina letu halijasomwa.

Niliomba hivyo hivyo. Nikaandika wazi kwamba sioni, kwamba natumia programu ya kusoma skrini, na kwamba kama kuna mtihani wauweke kwenye kompyuta, nitakuja na ya kwangu. Wakajibu kwa upole: asante, tumepokea.

Siku ya usaili nimefika na mpwa wangu. Mtihani ni karatasi. Karatasi na kalamu! Nikawauliza kuhusu barua yangu, kimya. Nikaomba mpwa wangu anisomee maswali nijibu kwa mdomo, wakasema huo utakuwa wizi wa mtihani. Basi mmoja wenu anisomee. Hakuna mwenye nafasi. Nikaingizwa kwenye jopo bila mtihani, na humo ndani sikuulizwa hata swali moja kuhusu kazi. Nani atakuleta kila asubuhi? Ukijikwaa kwenye ngazi zetu, nani atawajibika? Msalani utaendaje? Tena maswali haya hawakuniuliza mimi. Walimuuliza mpwa wangu, msichana wa sekondari: "Ataweza kweli huyu?" Mimi nimekaa hapo, masikio yangu yanafanya kazi vizuri kuliko ya jopo zima.

Hawakutaka hata kuona kompyuta inavyosema. Niliibeba. Programu ninayotumia inaitwa NVDA, ni ya bure kabisa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Kwa hiyo msije na hadithi ya "bajeti ya vifaa maalumu". Kifaa nilikuwa nacho begani. Walichotakiwa kuleta wao ni dakika tano tu za kunitazama nikichapa.

Mwishoni wakasema tutakupigia simu. Mnatafuta mpokea simu, naye mnamwambia mtampigia. Sijapigiwa.

Ila kilichonikata maini ni mlangoni. Mzee mmoja wa jopo alinifuata, akanishika mkono, akanitia noti ya elfu kumi. "Ya soda, mama." Waombaji wengine hawakupewa soda. Wao waliulizwa kuhusu kazi. Mimi nilikwenda kuomba kazi nikarudishwa na sadaka, na yule mzee bila shaka alilala usiku ule akijiona mwema.

Sheria zipo, msianze kuniambia tudai sheria. Katiba ya 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Ajira ya 2006 nayo inakataza. Mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinaitaka nchi ihakikishe marekebisho yanayofaa yanafanywa mahali pa kazi, na mtihani kwenye kompyuta ni marekebisho madogo kuliko yote niwezayo kufikiria. Halafu ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Bungeni tuna viti vyetu vitano. Huku chini kwenye mabaraza nako tunao wawakilishi. Yaani tumewekwa kila mahali pa kupigia kura na kupiga makofi, lakini pale panapolipwa mshahara mwisho wa mwezi, hatupo.

Kuna hata chambo cha kodi: mwajiri binafsi ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni wenye ulemavu anapunguziwa asilimia 2 ya kodi ya mapato anayodaiwa. Lakini huku kwetu waajiri wakubwa ni mashirika ya misaada, na mengi yamesamehewa kodi hiyo. Utamvutaje kwa punguzo mtu asiyedaiwa? Watanzania angalau sheria yao ya 2010 imeandika namba: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Wanaitekeleza kiasi gani ni mjadala wao, lakini namba unaweza kumwekea mtu mezani. Kwetu mwajiri anajibu "hatukubagua, tulichagua mwenye sifa", na sifa zenyewe ndiyo ile leseni ya pikipiki.

Sasa nirudi mtaani, maana ofisini wanatoka hukuhuku.

Kikundi chetu cha akiba, kile cha sanduku lenye kufuli tatu, kila mwaka kinachagua washika funguo. Nilijitokeza. Wakacheka kwa huruma, ile huruma ya kukupigapiga begani. Wakuu, mshika ufunguo kazi yake ni kutunza ufunguo na kufika siku ya kikao. Mimi sijakosa kikao. Wamempa bwana mmoja ambaye mara mbili tumemtafuta kilabuni sanduku likiwa limefungwa. Ila yeye anaona, kwa hiyo ni mwaminifu.

Msibani natengewa kiti na sahani, kazi hakuna. Wenzangu wanamenya viazi, nami nakatazwa kisu, mimi ninayepika nyumbani kwangu kila siku. Harusini wanamuuliza aliyenileta: "Anakula nini?" Benki wamenitaka niweke dole gumba na nije na shahidi, wakati saini yangu ni ileile ya miaka yote. Kwa wakala wa pesa za simu mtu anataka nimtajie namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Hizi barabara mpya za jiji sizisemi leo, mitaro wazi na boda zinazopanda njia ya miguu zinahitaji uzi wake.

Nyongeza: nimesoma majibu yenu. Ndugu uliyesema "anzisha biashara yako, acha kulilia ajira", wewe unayeona umeajiriwa au umeanzisha? Sisi kila tukidai kazi tunaambiwa tuunde kikundi, tuandike pendekezo, tupewe ruzuku ya kufuga kuku. Sina ugomvi na kuku. Lakini nina cheti na lugha nne, na simu inalia kwenye ile ofisi.

Na wewe uliyesema niombewe macho yafunguke, asante, niombee. Lakini muombee na yule mwenye mtihani wa karatasi.

Ninachohitaji ni hiki: nasikia Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, inapokea malalamiko ya ubaguzi kama huu na ina mamlaka ya kuyasikiliza. Ninazo barua pepe zote, yangu ya kuomba mtihani wa kompyuta na yao ya "tumepokea". Kama kuna aliyewahi kufikisha kesi huko, ya ulemavu au nyingine, aeleze alianzia wapi, alihitaji wakili au la, na je, kuna haja ya kwenda mpaka Kampala. Aandike hapahapa uzini, si faragha, ili na wengine waliorudishwa na "soda" wasome.