Nyimbo za kawaida katika kujifunza kitabu cha Mhubiri: tuchague zipi?

Mshumaa wa Moro
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaongoza kikundi cha vijana wa usharika wetu hapa Morogoro, na kuanzia mwezi ujao tutasoma kitabu cha Mhubiri, sura moja kila Alhamisi jioni, hivyo tutamaliza kwa wiki 12. Nimependekeza kila kipindi kiambatane na wimbo mmoja usio wa kwaya, uwe wa dansi la zamani, bongo fleva au hata wa nje, ili vijana watambue kwamba maswali ya Mhubiri ndiyo yale yale wanayoyasikia ndani ya daladala. Mzee mmoja wa kanisa hakunikataza, ila aliniuliza swali lililonishinda: wimbo huo utafanya kazi gani ambayo Neno lenyewe haliifanyi? Mpaka sasa nimepata nyimbo mbili tu, "Turn! Turn! Turn!" kwa sura ya 3 na "Starehe" ya Ferooz kwa sura ya 2. Naomba ushauri wa waliokwisha kujaribu.

Msomaji wa Zamani
Amina, mleta mada. Huo wa sura ya 3 utakufaa, lakini si kwa sababu unafanana na Biblia. Pete Seeger alichukua maneno yake karibu yote katika aya ya 1 hadi ya 8, na kundi la The Byrds likaufikisha kileleni mwa chati za Marekani mwezi Desemba 1965. Sasa angalia unapoishia. Seeger alifunga kwa wakati wa amani, akaongeza kiapo chake mwenyewe kwamba amani hiyo haijachelewa, ilhali Mhubiri hatulii hapo: katika aya ya 9 anauliza mara moja mtenda kazi anapata faida gani kwa taabu yake yote. Wimbo unatufariji, kitabu kinatuhoji. Mimi ningewapa vijana karatasi ya aya hizo, niwapigie wimbo huku wakifuatisha kwa kalamu, kisha niwaulize ni nini kimeachwa na ni nini kimeongezwa. Pengine hilo ndilo jibu la mzee wako, kwa maana mtu aliyekuwa akipitisha macho tu juu ya aya anazozijua kwa moyo hulazimika kuzisoma neno kwa neno.

Mpiga Solo
Naunga mkono, na ninaongeza "Kifo" wa Remmy Ongala na Super Matimila kwa sura ya 9. Watu wengi huusikiliza kwa ile kauli yake kwamba kifo hakina huruma, wakasahau kwamba magitaa yake yanachezeka. Sura ya 9 nayo imejengwa hivyo hivyo: inaanza kwa kusema mwenye haki na mwovu wote wanapatwa na jambo moja, halafu ghafla, katika aya ya 7, inamwambia msomaji aende akale chakula chake kwa furaha na kunywa divai yake kwa moyo mchangamfu. Kwa miaka mingi niliiona aya hiyo kama imepachikwa tu, mpaka siku niliposikia gitaa na maombolezo vikienda pamoja.

Niongeze tahadhari kutokana na kosa langu mwenyewe. Niliupiga wimbo huo kwenye kikundi chetu bila kuwauliza watu habari za nyumbani, kumbe kijana mmoja alikuwa ametoka kumzika baba yake wiki mbili tu kabla. Alisimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka tulipofunga kipindi. Tangu hapo huwataarifu watu siku moja kabla ni wimbo gani utapigwa.

Dada wa Kwaya
Kuhusu "Starehe", mimi nina shaka kidogo. Ni wimbo mzuri, na sina ugomvi na bongo fleva, lakini unamhusu mtu aliyeponda maisha akaishia kuugua UKIMWI, akijuta. Mhubiri wa sura ya 2 hakuugua wala hakufilisika. Alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akajikusanyia fedha, waimbaji wa kiume na wa kike, na hekima yake ikabaki naye. Alipata yote aliyoyataka, na bado akayaona ni ubatili. Ukiwapigia vijana wimbo huo bila maelezo, watatoka wakidhani sura hiyo inafundisha kwamba starehe huleta adhabu, jambo ambalo haisemi.

Mshumaa wa Moro
Nawashukuru nyote. Dada, umenigusa penyewe, maana hilo la adhabu ndilo nililokuwa nimekwisha kuliandika katika maandalizi yangu. "Starehe" nitaubakiza, lakini utapigwa baada ya kuisoma sura, na swali litakuwa hilo hilo lako: je, kama mtu huyu asingeugua, angekuwa na la kujutia? "Kifo" nitautangaza Jumatano. Wiki ya kwanza nimeamua tusipige wimbo wowote. Tutasoma sura ya 1 kwa sauti, na mzee nimemwomba awe msomaji.