Matumizi ya mtoto ya miaka iliyopita: yahesabiwa tangu lini?

Kutoka Hamburg:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na baba wa mwanangu tuliachana 2021. Sote ni wa Mombasa, sote tuko huku Ujerumani, na mtoto naishi naye mimi. Tangu hapo sijapokea hata euro moja. Sasa nataka anilipe miaka yote. Yeye asema alikuwa akitoa: alimtumia mamake M-Pesa Kisauni, na kila Idd mtoto hununuliwa nguo na viatu. Wazee wa pande zote mbili wamekaa kikao huko nyumbani, wanataka nisamehe yaishe. Nina haki au sina?

Kutoka Tudor, Mombasa:

Waalaykum salaam dada. Kuna jambo hujatwambia: ulimdai lini? Sisemi maneno ya mlangoni alipokuja kumchukua mtoto wikendi, nasema kitu chenye tarehe. Kifungu cha 1613 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani kinakuruhusu kudai ya nyuma tangu ulipomtaka baba aeleze mapato yake kwa ajili ya matumizi ya mtoto, au ulipomdai naye asilipe, au kesi uliyofungua ilipomfikia. Ya kabla ya hapo, hata kama ulikopa dukani kumlisha mtoto, kwa kawaida yamekwenda. Hoja ya sheria hiyo ni kwamba anayedaiwa lazima ajue anadaiwa, ajipange. Mimi naiona inamnufaisha anayenyamaziwa, lakini ndiyo sheria. Ni tofauti pale baba alipokuwa bado hajatambuliwa kisheria. Hapo ya nyuma yaweza kudaiwa.

Kwa hivyo barua iandikwe leo, usingoje wazee wamalize. Weka jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa, na useme wazi unamtaka aonyeshe mapato yake ili matumizi ya mtoto yakokotolewe. Kiasi si lazima ukijue, kitatoka kwenye jedwali la Düsseldorf, yaani orodha ya viwango vya matumizi ya watoto, kwa mapato yake na umri wa mtoto. Itume kwa rejista, risiti uiweke. Hata ikimfikia tarehe 28, hesabu huanza tarehe 1 ya mwezi huohuo. Jugendamt, yaani ofisi ya serikali ya ustawi wa watoto, watakuandikia bure ukiomba wamsimamie mtoto katika jambo hili. Waulize pia ile pesa inayotangulizwa na serikali mzazi asipolipa, maana nayo hairudi nyuma zaidi ya mwezi mmoja. Na ukishadai, fuatilia. Likilala muda mrefu, wakili wake atasema ulishaliacha.

Kuhusu kikao: deni lililopita mwaweza kusameheana, lakini matumizi ya mbele hayasameheki. Kifungu cha 1614 kimekataza, hata mzee atie sahihi na Fatiha isomwe. Na usije ukaambiwa ulete kesi Tononoka. Mahakama ile ya watoto ingekuwa njia yako kama mtoto angekuwa hapa Mombasa. Naye yuko Hamburg.

Kutoka Bremen:

Kaka wa Tudor, mbona watuonea sisi kina baba? Mama yangu ndiye bibi ya mtoto wangu. Nikimtumia yeye si ni familia ileile?

Kutoka Tudor, Mombasa:

Ami, kumtunza mamako ni wajibu wako na thawabu zako, wala hakuna anayekukataza. Lakini mtoto hali chakula chake Kisauni. Matumizi hulipwa kwa pesa, kila mwezi, tena mapema, kwa mzazi anayekaa naye. Nguo za Idd ni zawadi. Labda kama mama mtu alikubali, na una maandishi yake.

Nawe ujilinde: mpe kwa benki badala ya mkononi, na kwenye maelezo ya malipo andika jina la mtoto na mwezi unaolipia. Nimemwona baba aliyelipa kweli, noti ndani ya bahasha kila Ijumaa, akafika mahakamani hana hata karatasi moja.