Dodoma tuna mabonde matatu ya maji na Wizara ya Maji iko hapa hapa Mtumba, lakini kisima kikikauka hakuna wa kumuuliza

Wakuu habari za humu. Mods naombeni uzi huu msiuunganishe na ule wa mgao. Mgao tumeshauzoea. Hili ni la maji ya chini ya ardhi na nani hasa anayasimamia, maana nimepigwa danadana mpaka basi.

Huku kwetu pembezoni mwa jiji, bomba lilipochelewa, watu walichimba visima vya mkono. Maji yana chumvi, ukipikia chai unaisikia, ila kufua, kuoga na kunywesha mbuzi yanafaa. Akaja jamaa na hela zake, akanunua kiwanja, mtambo ukaingia usiku. Asubuhi tope la kijivu limeshuka barabarani mpaka mlangoni kwa mama chapati. Sasa hivi ana kisima kirefu, pampu, matenki juu ya mnara, na alfajiri maboza yanapanga foleni kununua. Sisi kamba ya ndoo tumeiunga, tukaiunga tena, na bado ndoo inagonga mchanga.

Sijasema ni yeye aliyetukaushia. Inawezekana ni mvua, inawezekana ni yeye, inawezekana ni vyote viwili. Ninachotaka mtu mwenye kipimo aje apime aseme. Ni kosa?

Ofisi ya kwanza: sisi ni wa mabomba, kisima hakituhusu. Ya pili: hilo la mtaani, limalizeni kwa mwenyekiti. Mwenyekiti wetu, maskini, hana hata karatasi moja inayoonyesha nani kachimba wapi. Tukaandika barua, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na huo muhuri ndio huduma pekee tuliyopata. Nikauliza, huyu bwana ana kibali? Kijana wa dirishani akanijibu, "Hizo taarifa hazitolewi hivi hivi, mama yangu, we nenda tu nyumbani." Nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

Basi nikaanza kusoma mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema maji yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu kwa niaba yetu. Hata yaliyo chini ya kiwanja chako si yako. Anayetaka kuchimba kisima kirefu na kuuza maji lazima awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde, yaani bodi ya eneo ambalo maji yake yanaelekea upande mmoja. Nchi nzima ina mabonde tisa. Safi kabisa, kwenye karatasi.

Sasa njoo Dodoma. Jiji na upande wa Kongwa maji yake yanaelekea mto Kinyasungwe, kwa hiyo tuko Bonde la Wami/Ruvu, makao makuu Morogoro. Mto Bubu unaoshuka kutoka Kondoa kupitia Chemba hadi Bahi uko Bonde la Kati, makao makuu Singida. Ukishuka kusini Mtera, hapo ni Bonde la Rufiji, makao makuu Iringa. Mkoa mmoja, mabonde matatu, na hakuna makao makuu hata ya moja yaliyoko hapa.

Najua atakuja mtaalamu aseme mabonde hayafuati mipaka ya mikoa, yanafuata mwinuko wa ardhi. Sawa, nakubali, na ni utaratibu mzuri kuliko kila mkuu wa mkoa kujigawia mto. Lakini mwananchi anaishi mtaani, haishi kwenye bonde! Mita ya bomba mjini ni ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoundwa kwa Sheria Na. 5 ya 2019, pamoja na vyombo vya watumia maji. Bei ya mamlaka inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kote huko kuna mtu wa kumlalamikia. Ila maji yakiwa bado chini ya ardhi, kabla hayajaingia kwenye bomba la mtu, ndipo unaanza kuzunguka.

Na huu si mji wa kuchezea maji ya chini. Tunategemea visima vya Mzakwe miaka yote, mvua yetu ni ya msimu mmoja, na watu wanamiminika. Manispaa ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Bwawa la Farkwa tunalisikia tangu enzi, nalo liko kwenye mto Bubu, bonde jingine kabisa. Na kwa huku kwetu kila mwenye milioni kadhaa anatoboa kisima chake.

Ninachodai ni kidogo. Vibali vyote vya visima virefu vibandikwe ofisi ya mtaa: nani, wapi, kina gani, anaruhusiwa kutoa maji kiasi gani kwa siku. Na kila kisima cha biashara kifungwe mita inayosomwa, kama tunavyosomewa sisi wenye mabomba ya nusu inchi.

Aliyewahi kufanikiwa kupata nakala ya kibali cha kisima cha jirani aseme hapa alipitia wapi na alilipia nini. Na wale wa "hama mama, nenda Dar", leo pumzikeni.