Pawa saplai ya nje inagoma kuwasha balbu ya projekta, nirekebishe vipi?

Mpenda_Reli: Wakuu, salaam. Nina projekta ya filamu ya milimita 16, transfoma yake iliungua. Balbu ni halojeni ya volti 24, wati 250. Nimeunda saplai ya nje: ile ya swichi (switch-mode, ya kielektroniki isiyo na transfoma kubwa), DC volti 24, ampia 14.6, nikaifunga kwenye kasha la bati na kuvuta nyaya mpaka kwenye soketi. Nikiwasha, balbu inamweka, saplai inakata, inajaribu, inakata tena. Ikibahatika kushika, nikiizima na kuiwasha papo hapo inakubali. Ninunue kubwa zaidi?

Fundi_Volti: Usinunue kwanza, mkuu. Balbu hiyo ikishawaka inakula ampia 10 na kidogo, yaani ukinzani wake ni omu 2.3 hivi. Ikiwa ya baridi, ukinzani unashuka hata chini ya sehemu ya kumi ya hapo. Saplai inaona shoti, inajilinda. Transfoma huvumilia kishindo kama hicho, hizi za swichi hazina subira.

Kichwa_Ngumu: Unganisha saplai mbili sambamba, kazi kwisha.

Fundi_Volti: Weee! Za kawaida hazigawani mzigo, moja itabeba kila kitu, nyingine ipo ipo tu.

Mpenda_Reli, funga rezista ya waya ya omu 2, wati 100, mfululizo na balbu, halafu rilei (swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme) yenye kuchelewa iiruke rezista hiyo baada ya sekunde mbili. Mwanzoni mkondo hautafika ampia 12. Balbu ikianza kutoa mwanga wa njano, rilei inashika na unapata volti zote. Kwenye mwili wa rilei soma ampia za DC, usidanganyike na za AC. Rezista ibane kwenye bati, sekunde hizo mbili inabeba karibu wati 90.

Mpenda_Reli: Themista, ile ambayo ukinzani wake unashuka ikipata moto, haitoshi? Ni kidude kimoja tu.

Fundi_Volti: Inafanya kazi, ila ukizima lazima uisubiri ipoe, la sivyo ukiwasha tena haizuii kitu. Filamu ikikatika katikati ya onyesho utaichukia.

Mama_Projekta: Naongezea. Volti zipime kwenye miguu ya balbu ikiwa inawaka, maana kwa ampia 10 waya mwembamba unakula nusu volti bila kukuambia. Mimi ningeweka 23: mwanga unapungua kidogo, balbu inadumu zaidi. Usishushe mno, halojeni inataka kioo chake kiwe cha moto sana. Sasa swali langu: feni inapata umeme wapi?

Mpenda_Reli: Iko kwenye mhimili wa mota, dada. Mota inazunguka vizuri.

Mama_Projekta: Basi saplai ipate umeme kupitia swichi ya mota, isiwe na plagi yake pembeni. Balbu isiwake hata kidogo mota ikiwa imezimwa. Kasha la bati lipe waya wa ethi, na fyuzi ya ampia 15 ikae karibu na saplai.

Mpenda_Reli: Poa. Natafuta rilei.