Naomba ushauri: muziki wetu ukipigwa kwenye spika za kukodi unageuka ngurumo tupu

Kijana wa Ng'ambo
Asalaam alaykum wanajamvi. Tuko wawili, Unguja. Mimi kwenye leptopu, mwenzangu maiki na pedi za dramu. Tunapiga indastrio, muziki wa kelele za mashine na vyuma, tuliyoichanganya na dramu-en-besi, muziki wa dramu za kasi na besi nzito, mapigo 174 kwa dakika. Sauti za vyuma tumerikodi wenyewe kwa simu: fundi makasha akigongomea misumari ya shaba, na mnyororo ukiburutwa bandarini Malindi. Kwenye hedifoni inaua! Juzi tumepiga Michenzani, maneno hayasikiki, watu wakarudi zao kwenye urojo. Na tunataka kuomba nafasi tamasha la Sauti za Busara. Tutafute sabwufa kubwa zaidi au tatizo jengine?

Fundi Mitambo
Yakhe, usinunue kitu. Sabwufa kubwa itakukuzia uchafu uleule. Kiki, ile dramu nzito ya chini, na besi yako zinagombea sehemu moja, Hz (mitikisiko kwa sekunde) 50 mpaka 100. Weka kompresa, kile kifaa cha kubana sauti, kwenye besi iwe inaisikiliza kiki: kiki ikipiga, besi inainama. Chini ya Hz 30 kata vyote, spika za kukodi hazitoi sauti hiyo, inamaliza nguvu ya amplifaya bure. Na distoshen, ule mkwaruzo wa kuchafua sauti, usiitie kwenye besi nzima. Igawe njia mbili, ya chini iache safi na iwe mono, yaani sauti ileile kulia na kushoto, ya juu ichafue utakavyo. Vyuma navyo vipunguze kati ya Hz 2,000 na 4,000, ndipo maneno ya mwenzako yanaposikika.

Mpemba wa Wete
Kelele za karakana hizo. Pigeni taarabu, mpate hela za harusi.

Kijana wa Ng'ambo
Kaka, hata taarabu ya kisasa inapigwa kwa vinanda vya umeme na masabwufa. Na kundi la Duma wa Nairobi walipiga kelele kuliko hizi, albamu yao ya 2020 ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Bi Mkubwa Vikokotoni
Kasi si tatizo wanangu, singeli ya Dar inapita mapigo 200 na watu wanacheza. Ila Busara wanataka muziki wa kupigwa hapohapo jukwaani, leptopu peke yake mtaangaliwa vibaya. Mchukueni mpiga sanduku, ile besi ya kisanduku, wa kidumbak, taarabu yetu ya mitaani. Uzi mmoja, fimbo moja, akiivuta sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Besi gani nzito kuliko ile? Ongezeni na zile ngoma ndogo mbili, vidumbak, juu ya mapigo yenu ya dramu. Mimi nyinyi nakuungeni mkono, huyo wa Wete mwacheni.

Kijana wa Ng'ambo
Shukran bibi, hilo sikuliwaza. Fundi, sanduku karibu na sabwufa si litavuma?

Fundi Mitambo
Litavuma kweli ukiliwekea maiki ya kusimama. Bandika piezo, kile kidude kinachonasa mtikisiko, kwenye ubao wenyewe, na mpigaji akae nyuma ya spika. Halafu ile besi ya kompyuta izime kila sanduku likiingia, mbili pamoja hazikai.