Wageni wa Tanga mjini: tupeane uzoefu wa nyumba, chumvi na samaki

Uzi huu ni wa wanaohamia Tanga kutoka bara kwa kazi au masomo. Mwenye fani aweke anachokijua, na vipimo vyake. Hadithi za "siku nilipofika" tuziweke kando. Mgeni anataka kujua Jumatatu asubuhi aanzie wapi.

Dalali, Chumbageni
Ukishuka stendi ya Kange usilipie chumba kwa picha za simu. Ngamiani mitaa ni namba, barabara ya 1 hadi ya 21, kwa hiyo ukiambiwa "ipo ya 12" jua ni barabara, si nyumba. Ada ya dalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mbele.

Kabla hujatoa hela, chuchumaa uangalie ukuta kuanzia sakafuni mpaka usawa wa magoti. Rangi ikiwa imevimba na inabanduka kama ganda la kitunguu, ikwangue kwa ukucha. Ukikuta unga mweupe chini yake, na ukiugusa ulimini una chumvi, basi plasta ilipigwa kwa mchanga wa bahari au ukuta unanyonya maji ya ardhini. Rangi mpya haitibu kitu. Ikija masika, unga unarudi. Chumba ukikipenda hivyo hivyo, omba punguzo, na kitanda na kabati vikae sentimita 10 mbali na ukuta.

Halafu upepo. Kusi inavuma takriban Aprili hadi Oktoba, kaskazi Desemba hadi Machi. Dirisha moja tu, tena linalotazama magharibi, halipati hata mmojawapo, na jua la saa kumi linaingia lote. Chumba cha hivyo kinakuwa tanuri hadi usiku wa manane.

Fundi umeme, Makorora
Dalali kairuka Luku, sijui kwa nini 😀

Nunua umeme wa 5,000 mwenye nyumba akiwa hapo hapo, kabla ya kusaini, msome makato pamoja. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku kila mwezi. Nyumba ikikaa tupu miezi minane, deni la miezi yote minane linamsubiri atakayenunua umeme wa kwanza, naye anadhani mita imeharibika. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba atakurudishia kwenye pango.

Kwa wanaokwenda Raskazone na Sahare: soketi inayotangulia kufa ni ya ukuta wa upande wa bahari. Shaba inaota ukijani, mguso unalegea, soketi inachemka, plastiki inageuka kahawia. Zima swichi kuu, weka soketi mpya. Kukwangua kunasaidia wiki mbili tu.

Mgeni mtarajiwa
Asanteni wakuu. Kujiandikisha serikali ya mtaa ni lazima?

Dalali, Chumbageni
Wiki ya kwanza. Nenda na kitambulisho na nakala ya mkataba uandikwe kwenye daftari la wakazi. Siku utakayotaka barua ya utambulisho hutaulizwa wewe nani.

Fundi baiskeli, Ngamiani
Tanga ni tambarare, baiskeli inakutosha. Kila Jumamosi futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, kisha tone moja la oili nyepesi kila pingili. Zungusha pedeli nyuma, ufute iliyobaki juu. Watu wanamwaga oili wakidhani wanazuia kutu, kumbe oili nyingi inakamata mchanga, na mchanga unasaga meno ya gia haraka kuliko kutu.

Kufuli nunua la shaba. La chuma linaganda. Na usilitie mafuta ya kula, yanageuka gundi ndani ya tundu la ufunguo. Mafuta ya cherehani ndiyo yake.

Muuza samaki, Deep Sea
Wanangu, hapa sokoni Deep Sea bei ya samaki inafuata mwezi. Dagaa na vibua wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mzigo unapungua, bei inapanda. Ukitaka kununua wengi wa kukausha au kugandisha, subiri giza.

Kumchagua: funua matamvua, yawe mekundu na yasiwe na utelezi mzito. Jicho liwe limetuna. Bonyeza mgongoni, shimo la kidole lirudi lenyewe. Samaki ambaye macho ni mazuri lakini nyama ni tepetepe na uti umevunjika pasipo jeraha la nje, mwache, huyo ni wa baruti. Anaoza kabla hujafika nyumbani, na uvuvi wenyewe ni haramu.

Na mkitaka kutembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa kabisa, tazameni siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hapa kwetu yanakupwa saa nne hivi asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Vaeni viatu vya raba, urumba, yule wa miiba baharini, hamjui mwenyeji wala mgeni.

Mgeni mtarajiwa
Shikamoo mama. Na Ijumaa?

Muuza samaki, Deep Sea
Marahaba. Ijumaa njoo kabla ya saa sita. Baada ya hapo watu wako msikitini, utakuta meza na paka.